Kiingilio cha Mashindano ya Pool Kitoke Wapi?

Leo tuzungumze kuhusu pesa, na hasa pesa za mchezo ambao karibu kila mtaa wa mjini una meza yake, lakini ni wachache wanaouhesabu kuwa ni kazi. Nazungumzia mchezo wa pool.

Ingia Jumamosi jioni kwenye ukumbi wowote wenye meza, iwe Temeke, iwe Kisumu, iwe Kampala. Hutakosa kijana mmoja asiyeng'oka. Kwa desturi mshindi habanduki, na sarafu inatoka kwa anayefungwa, kwa hiyo huyu anaweza kucheza tangu saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku bila kutia mkono mfukoni. Mtazame anavyocheza. Hapigi kwa nguvu. Anatumbukiza mpira wake shimo la kona, na ule mweupe unarudi taratibu hadi pale alipoutaka kwa ajili ya mpira unaofuata. Wenzake wanashangilia mpira ulioingia; yeye anaangalia mweupe umesimama wapi. Basi muulize kwa nini hakuonekana kwenye mashindano ya mkoa. Atakujibu kwa maneno matatu: sikuwa na kiingilio.

Naamini anasema kweli. Ila kiingilio ni kipande kidogo cha gharama, na vijana wengi wanakwama kwa sababu wanakitafuta hicho peke yake, tena usiku wa kuamkia mashindano. Tuchukue mfano. Kiingilio ni shilingi 20,000 za Tanzania na mashindano yako mkoa wa jirani. Nauli ya basi kwenda na kurudi 30,000, gesti ya usiku mmoja 20,000, chakula na bodaboda 10,000. Jumla 80,000. Kiingilio ni robo tu ya safari nzima. Kijana aliyekopa 20,000 akaondoka, atacheza raundi ya kwanza huku akiwaza atalala wapi, na pool haichezeki na mawazo ya namna hiyo. Mkono ukitetemeka kidogo tu, meza inaonyesha.

Tuendelee na mfano huo huo, maana hapa ndipo penye jambo ambalo ningependa kila mchezaji alijue kabla hajamwomba mtu hata shilingi. Tuseme wamejitokeza wachezaji 32. Kila mmoja katoa 20,000, jumla 640,000. Mwandaaji anatoa 140,000 za ukumbi, waamuzi na matengenezo ya meza. Zinabaki 500,000 za zawadi: wa kwanza 250,000, wa pili 120,000, na wawili waliotolewa nusu fainali 65,000 kila mmoja. Watu 28 wanarudi nyumbani mikono mitupu. Ukigawa ile 500,000 kwa wachezaji wote 32, inamwangukia kila mmoja 15,625, naye alitoa 20,000. Yaani kabla hata hujagusa nauli, kundi zima la wachezaji limepoteza. Hata yule aliyeshika nafasi ya tatu na 65,000 zake, kama alitoka mbali na kutumia 80,000, amerudi na hasara ya 15,000 na cheti mkononi.

Hakuna aliyeiba hapo. Hesabu yenyewe ndivyo ilivyo. Mashindano ambayo zawadi yake yote inatoka kwenye viingilio hayawezi kuwalisha wachezaji kwa ujumla, hata wawe hodari namna gani, kwa sababu yanazungusha pesa za wachezaji wenyewe, yanakata gharama, kisha yanawapa wachache kilichosalia. Ili mchezo uwe kazi, lazima pesa iingie kutoka nje ya meza. Kwa hiyo swali la kwanza la mchezaji anayetaka kujiendeleza liwe hili: zawadi hii inatoka wapi? Ukiambiwa kuna mdhamini aliyeweka nyongeza, jipime, ujipange, uende. Ukiambiwa ni viingilio vitupu, nenda kama unajua kwamba wewe ni mmoja wa wawili bora katika ukumbi ule, au kama ni karibu na nyumbani na unataka mazoezi ya ushindani. Vinginevyo tunza pesa yako.

Afrika Mashariki tumeshaona pesa ya nje ikifanya kazi. Hapa Tanzania kwa miaka kadhaa bia ya Safari Lager ilidhamini mashindano ya taifa ya pool kwa kushirikiana na chama cha mchezo huo, na vijana kutoka mikoani walipata jukwaa la kukutana. Uganda nako bia ya Nile Special iliibeba ligi ya taifa. Sina ugomvi na makampuni ya bia. Meza nyingi ziko baa, na ni haki yao kuwafuata wateja wao. Lakini kuutegemea mkono mmoja ni hatari. Bajeti ya matangazo inapangwa ofisini kila mwaka, na siku bosi mmoja atakapoamua kuhamishia pesa kwenye muziki, mchezaji wa Mbeya aliyekuwa akijiandaa miezi sita hataitwa hata kwenye kikao cha kuaga.

Na huko juu kabisa, pesa ipo. Mwaka 2024 mashindano ya dunia ya mipira tisa yalifanyika Jeddah, Saudi Arabia, kwa zawadi ya jumla ya dola milioni moja. Bingwa, Fedor Gorst, aliondoka na dola 250,000 baada ya kumshinda Eklent Kaçi wa Albania kwa 15 kwa 14. Mwaka uliofuata, hapo hapo Jeddah, taji lilichukuliwa na Carlo Biado wa Ufilipino, mtu aliyewahi kubeba mifuko ya wachezaji wa gofu kabla ya pool kumpa maisha. Ukisikia habari kama hizi unaweza kutamani kuuza pikipiki ukatafute viza. Nakusihi usiuze. Pikipiki inakulisha leo, na Jeddah haifikiwi kwa safari moja.

Tena ukubwa wa tangazo si dhamana ya malipo. Mwaka 2006 Efren Reyes, Mfilipino ambaye wengi wanamhesabu kuwa mchezaji bora kuliko wote waliowahi kushika fimbo, alishinda mashindano makubwa ya Reno, Marekani, yaliyotangaza dola 500,000 kwa mshindi. Ilikuwa zawadi ambayo pool haikuwa imewahi kuiona. Baadaye waandaaji wakakiri kwamba fedha haipo yote, na wachezaji wakalazimika kusubiri kulipwa kidogo kidogo. Kama hilo lilimpata Reyes mbele ya kamera za televisheni, wewe unayelipa kiingilio kwa namba ya simu ya mtu usiyemfahamu una kila sababu ya kuuliza nani anashika fedha na italipwa lini.

Sasa tuingie kwenye njia zenyewe za kupata kiingilio na nauli. Nianze na ile ambayo vijana wengi wanaianza nayo, yaani kuwekeana pesa mezani. Kiingilio kinatafutwa Ijumaa usiku kwa kubetiana elfu tano tano ili Jumamosi mtu apande basi. Naipinga, tena kwa nguvu. Kwanza ni kamari isiyo na leseni, na polisi wakiingia hawatauliza kama ulikuwa unatafuta nauli ya mashindano. Pili, inamfundisha mchezaji tabia itakayomwangusha baadaye: anaficha kiwango chake ili apate wa kumla, anajizoeza kucheza chini ya uwezo wake, na akifika kwenye mashindano mkono unakuwa umeshazoea uvivu. Tatu, wanaozunguka meza ya pesa sio wadhamini. Hakuna hata mmoja wao atakayekulipia gesti wiki ijayo.

Mwaka 2016 viongozi wa serikali ya Tanzania, kuanzia Rais John Magufuli, walikemea hadharani vijana wanaoshinda kwenye meza za pool saa za kazi. Wachezaji wengi waliumia, na wengine walikuwa na haki ya kuumia. Lakini mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye angeweza kukudhamini, alilisikia karipio lile, na mpaka leo ukienda kumwomba udhamini, picha aliyonayo kichwani ni ya kijana mwenye fimbo saa nne asubuhi. Kila pesa inayowekwa mezani inamthibitishia kwamba hakukosea.

Njia ya pili ni mfadhili binafsi. Huyu ni bosi wa mtaani anayependa mchezo, anakulipia kila kitu, na ukishinda mnagawana. Ufilipino mchezo huu umekua kwa mikono ya watu wa namna hiyo. Reyes mwenyewe alipokwenda Marekani mwaka 1985 akicheza kwa jina la bandia la Cesar Morales, alikuwa ametoka kwenye utamaduni ambamo mchezaji bora daima ana mtu nyuma yake. Kwa hiyo sisemi mfadhili ni mbaya. Nasema makubaliano ya mdomo ndiyo mabaya, na nitaeleza kwa hesabu.

Mfadhili ametoa zile 80,000. Kijana ameshika nafasi ya pili, amepata 120,000. Wanagawana vipi? Kijana anasema nusu kwa nusu, 60,000 kila mmoja. Mfadhili anasema hapana, kwanza nirudishiwe 80,000 zangu, kisha tugawane 40,000 iliyobaki, wewe 20,000 na mimi 20,000. Kila mmoja ana hoja, na kila mmoja anaamini mwenzake anamdhulumu. Urafiki wa miaka unaishia stendi ya basi. Mimi nakubaliana na mfadhili: gharama zitolewe kwanza, kisha faida igawanywe, kwa sababu vinginevyo amepata hasara katika safari ambayo mchezaji wake ameshika nafasi ya pili. Lakini hilo lilipaswa kuandikwa kabla ya safari, kwenye karatasi moja, kwa sahihi mbili na shahidi mmoja.

Kuna sehemu ngumu zaidi. Wapo wafadhili wanaohesabu kila safari iliyoshindikana kuwa ni deni la mchezaji. Safari tano bila zawadi ni 400,000. Safari ya sita kijana anakuwa bingwa, anapewa 250,000, na zote zinakwenda kwa mfadhili; hapo bado gharama za safari yenyewe hazijaguswa. Kijana amekuwa bingwa na hana nauli ya daladala. Nimeona vijana wakiacha mchezo kwa ajili ya jambo hili, wala hawakuacha kwa kukosa kipaji. Ukiingia kwenye mpango wa namna hiyo, weka kikomo: deni lisivuke safari mbili, na katika kila zawadi, hata iwe ndogo vipi, mchezaji achukue angalau robo. Mfadhili asiyekubali masharti hayo anatafuta mtumwa. Mwache aende.

Na kwa dada zetu wanaocheza, naomba nizungumze waziwazi. Pool inachezwa sehemu za starehe, na mwanamume anayejitolea kulipia kiingilio cha msichana wakati mwingine anadai malipo ambayo hayahusiani na mpira wala fimbo. Dada, usichukue kiingilio kutoka kwa mtu mmoja mkiwa wawili peke yenu. Pesa ipite kwenye klabu, iandikwe kwenye daftari la klabu, na katibu akupe risiti. Klabu isiyoweza kukufanyia hivyo haijakuwa klabu bado.

Hilo linanileta kwenye njia ninayoiamini kuliko zote, yaani klabu yenyewe kuwa na mfuko. Chukua watu 20 wanaocheza ukumbi mmoja. Kila mmoja anatoa 3,000 kwa wiki. Hiyo ni 60,000 kwa wiki, na kwa wiki nne ni 240,000. Kwa gharama tulizopiga mwanzoni, mfuko huo unasafirisha wachezaji watatu kila mwezi, wamelipiwa kila kitu hadi chai ya asubuhi. Nani aende? Asichaguliwe na mwenyekiti. Klabu ifanye mchujo wake kila mwezi, wote waliochangia wacheze, watatu wa kwanza wapate safari. Zawadi wakiipata, sehemu irudi kwenye mfuko. Kina mama wetu wanaendesha upatu kwa uaminifu kwa miaka na miaka, wanasomesha watoto na kujenga nyumba, tena bila ofisi wala kompyuta. Wachezaji wa pool hawawezi kushindwa na jambo ambalo mama zao wanaliweza.

Njia hii imejaribiwa kwa upana mkubwa sana. Mwaka 1979 wachezaji wawili wa Marekani walioishi kwa pool, Terry Bell na Larry Hubbart, walianzisha ligi ya watu wa kawaida wanaocheza kwenye baa na kumbi za mitaani. Leo chama kilichotokana na ligi hiyo kina wanachama zaidi ya laki mbili. Mchezaji analipa ada ndogo kila wiki, na timu inayopenya hadi fainali za Las Vegas inasaidiwa gharama za safari kutokana na ada hizo. Kilichonivutia ni kwamba waanzilishi walikuwa wachezaji hodari. Walijua kwamba zawadi za mashindano hazitoshi kuendesha maisha, wakajenga msingi wa watu wengi wanaolipa kidogo kidogo.

Klabu yenye daftari inafungua na milango mingine. Tanzania, klabu ya michezo inasajiliwa chini ya Baraza la Michezo la Taifa. Kenya kuna Msajili wa Michezo. Nchi zote mbili zina mifuko ya serikali ya kusaidia michezo, ingawa nisikudanganye, fedha hizo huelekezwa zaidi kwenye timu za taifa, na mchezaji mmoja mmoja hazimfikii kwa urahisi. Faida ya usajili iko karibu zaidi: mwenye duka anaweza kuandika hundi au kulipa kwenye akaunti yenye jina la klabu, badala ya kumpa kijana noti mkononi.

Huyu mwenye duka mwendee na karatasi moja. Usimwendee na hadithi ya dhiki. Juu andika jina la klabu na la mchezaji, kisha mashindano gani, wapi na tarehe gani. Andika gharama zote 80,000 kwa mchanganuo, klabu imeshachanga ngapi, na zimebaki ngapi. Tuseme zimebaki 30,000. Mwambie wazi atakachopata: jina la duka lake mgongoni mwa fulana, picha tatu za siku ya mashindano atakazoweza kuweka kwenye simu yake, na taarifa ya matokeo kabla ya Jumatano. Kisha, na hapa ndipo wengi tunaanguka, mpelekee hiyo taarifa hata kama ulitolewa raundi ya kwanza. Ingia dukani, mpe mkono, mweleze ulifungwa na nani na kwa nini, na mwonyeshe risiti ya kiingilio na tiketi ya basi. Mfanyabiashara aliyezoea kuombwa na kusahauliwa hatakusahau. Ukifanya hivyo miezi miwili, wa tatu atakuuliza mwenyewe safari ijayo ni lini.

Naongeza jambo moja dogo kwa wale wenye mikono. Meza za pool zinachakaa. Kitambaa kinachanika, mguu mmoja unazama na mipira inaanza kuvutwa upande, ncha za fimbo zinalika. Wenye kumbi wanahangaika kupata fundi anayeijua meza kama mchezaji anavyoijua. Jifunze kubadilisha kitambaa na kusawazisha meza kwa pima maji. Jifunze kubandika ncha ya fimbo na kuichonga. Jifunze sheria vizuri uwe mwamuzi. Kazi hizo zinakuweka ukumbini kihalali na zinakulipa bila kuhatarisha chochote, na mwisho wa mwezi kiingilio kinapatikana kwa jasho linaloeleweka hata kwa baba mzazi. Jambo hilo la baba si dogo. Wazazi wengi wanaupinga mchezo huu kwa sababu hawajawahi kuona unaleta kitu nyumbani.

Maneno yangu ya mwisho nayaelekeza kwenu mnaoandaa mashindano na mnaomiliki kumbi, kwa sababu mchezaji hawezi kubeba mzigo huu peke yake. Mashindano yenu yajayo, bandikeni karatasi ukutani kabla ya mpira wa kwanza kupigwa: wameingia wachezaji wangapi, wametoa jumla ngapi, nyongeza ni ngapi na imetoka kwa nani, gharama ni zipi, na zawadi zitalipwa lini na kwa njia gani. Wapeni vijana nafasi ya kulipa kiingilio kwa awamu mbili badala ya siku moja. Na kama mna faida ya vinywaji usiku ule, ongezeni sehemu yake kwenye zawadi, hata kama ni shilingi 100,000 tu. Katika mfano wetu wa leo, 100,000 hiyo ingeifanya zawadi yote iwe 600,000, na wale watatu ambao klabu iliwachangia wangekuwa na sababu ya kurudi mwezi ujao.